Utumbo mpana ukitolewa, sukari ya damu huendaje?

"Daktari, mama yangu ana miaka 56 na tunaishi karibu na Ahero. Ana kisukari kwa miaka 7. Miezi 3 iliyopita alitolewa utumbo mpana wote kwa sababu ulijaa vinyama vidogo vidogo na kimoja kilikuwa kimeanza kugeuka saratani. Sasa haja inatoka kupitia tundu la tumboni, anavaa mfuko. Kabla ya upasuaji sukari yake ya asubuhi ilikuwa 7 au 8. Alipotoka hospitalini ilikuwa 5, tukafurahi. Sasa haieleweki: asubuhi 6, akinywa uji inapanda hadi 16, na jioni moja ilishuka 3.1 akatokwa jasho na kuanza kuongea ovyo. Anameza metfomini ile ya mara moja kwa siku, glibenklamidi asubuhi, na dawa ya presha. Mara mbili nimeona kidonge kizima ndani ya mfuko. Shangazi anasema utumbo ukishatolewa sukari haina pa kuingilia mwilini, kwa hivyo aache dawa. Nesi mmoja naye aliniambia kwamba utumbo mpana ndio hutengeneza homoni za sukari, na bila huo kisukari kitazidi tu. Nani anasema kweli, na tufanye nini?"

Dada yangu, pole kwa yaliyowapata, na asante kwa kuniandikia namba zenyewe badala ya kusema tu kwamba sukari inasumbua. Namba hizo zimenionyesha pa kuanzia.

Nitaanza na ile jioni ya 3.1, maana hiyo haiwezi kungoja maelezo marefu. Kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, sukari iliyo chini ya 4 hutibiwa papo hapo. Mpe vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudia. Ikishapanda, ale chakula kidogo cha kushika tumbo, kama kipande cha mkate au kiazi. Akiwa hawezi kumeza au amezimia, usimtie chochote mdomoni. Hapo ni kukimbia hospitalini. Na jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu. Mtu aliyeshushwa nayo anaweza kupanda akishakunywa sukari, mkalala mkidhani yamekwisha, kisha akashuka tena usiku wa manane. Siku kama hiyo mtu alale naye, na apimwe tena kabla ya kulala na alfajiri.

Dawa hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote katika barua yako, na nitairudia. Kwa sasa, siku yoyote ambayo mama hali vizuri, anatapika, au mfuko unatoa maji mengi, asimeze glibenklamidi siku hiyo, na mpige simu kliniki au mwende. Asiache dawa zake zote kwa sababu ya maneno ya shangazi.

Shangazi ana nia njema, lakini hapo amekosea. Sukari ya chakula haiingilii kwenye utumbo mpana. Ugali, wali, chapati na uji vikishasagwa huwa glukosi, na glukosi hiyo hufyonzwa na utumbo mwembamba, hasa sehemu yake ya juu, ambayo mama yako bado anayo yote. Kazi kubwa ya utumbo mpana ni kurudisha maji na chumvi mwilini na kuwapa makao mabilioni ya bakteria. Isitoshe, si sukari yote ya damu inayotoka kwenye sahani. Ini hutengeneza sukari yake usiku kucha, ndiyo maana mtu anaweza kulala bila kula akaamka na 9.

Ile 5 ya kutoka hospitalini haikuwa kupona. Mama alikuwa hali, alikuwa amepungua uzito, na dawa ziliendelea kufanya kazi juu ya tumbo tupu. Nadhani pia uvumi wa shangazi una asili yake. Kuna upasuaji unaofanyiwa watu wanene, ambapo tumbo hupunguzwa na chakula kupitishwa njia ya mkato hadi chini zaidi kwenye utumbo mwembamba. Upasuaji huo kweli hushusha kisukari, wakati mwingine ndani ya siku chache tu baada ya kufanywa. Watu wakisikia "alikatwa tumbo sukari ikaisha" hudhani kukatwa kokote ni sawa. Aliyofanyiwa mama yako ni tofauti kabisa, ilikuwa kumwokoa na saratani.

Nesi yuko karibu na ukweli zaidi, ila ameuvuta kupita ulipofika. Hapa naomba uvumilivu wako kidogo, kwa sababu ukielewa sehemu hii mengine yote yatakaa mahali pake.

Mwaka 1964 watafiti walionyesha jambo lililowashangaza madaktari wengi. Mtu akipewa glukosi kupitia tumboni, kongosho hutoa insulini nyingi kuliko akiwekewa glukosi hiyo hiyo kwenye mshipa. Maana yake ni kwamba utumbo huongea na kongosho. Kabla sukari haijajaa kwenye damu, utumbo umeshatuma habari, kama vile mtoto anayetumwa atangulie nyumbani kusema wageni wako njiani, ili maji yabandikwe jikoni mapema. Kwa mtu mwenye afya, nusu au zaidi ya insulini inayotoka baada ya kunywa glukosi hutokana na habari hizo. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili habari hizo huwa zimefifia, hata kama utumbo wake ni mzima.

Habari hubebwa na homoni. Moja huitwa GIP, na hutoka sehemu ya juu ya utumbo mwembamba. Nyingine ni GLP-1, ambayo hutoka kwenye chembe zinazoitwa chembe L. Chembe hizi ni chache juu na huongezeka kadiri unavyoshuka: nyingi mwishoni mwa utumbo mwembamba, nyingi zaidi kwenye utumbo mpana na puru, yaani sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo. GLP-1 hufanya kazi nne kwa pamoja. Huhimiza kongosho kutoa insulini, lakini pale tu sukari ikiwa juu. Huzuia glukagoni, homoni inayoliamuru ini limwage sukari. Hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula chini. Na huleta shibe. Chembe hizo hizo hutoa pia PYY, ambayo kazi yake ni kuufunga breki utumbo ili chakula kisipite mbio, na kupunguza hamu ya kula.

Sasa utauliza: ikiwa sukari haifiki kwenye utumbo mpana, chembe L zinafanya nini huko? Jibu ni bakteria. Nyuzinyuzi za mboga, maharagwe, wimbi na mtama hazisagiki juu. Zikifika chini, bakteria huzichachusha na kutoa asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi. Asidi hizo huzigusa chembe L, nazo hutoa GLP-1 na PYY kidogo kidogo, saa nyingi baada ya mlo, hata usiku. Kwa hivyo utumbo mpana haushughuliki sana na ule mpando wa nusu saa baada ya uji. Homoni ya nusu saa ya kwanza hutoka zaidi kwenye utumbo mwembamba. Kilichopotea kwa mama yako ni ile kazi ya polepole ya chini.

Je, upungufu huo unatosha kuharibu sukari? Watafiti waliopima homoni hizi kwa watu waliotolewa utumbo mpana hawakupata picha moja, lakini mwenye utumbo mwembamba mzima huendelea kutoa GLP-1 baada ya kula. Wanaopungukiwa sana ni wale waliokatwa pia kipande kirefu cha mwisho wa utumbo mwembamba, maana hao wamepoteza chembe L za pande zote mbili, pamoja na ile breki. Kwa hivyo swali la kwanza la kumuuliza daktari aliyempasua mama ni hili: mlikata utumbo mwembamba kiasi gani? Jibu huwa limeandikwa kwenye karatasi ya upasuaji. Omba nakala.

Kuna utafiti mkubwa wa Denmaki uliochapishwa mwaka 2018, nao ndio hutajwa sana suala hili likizuka. Watafiti walitumia rekodi za afya za taifa zima na kuwalinganisha watu waliotolewa utumbo mpana na wengine waliofanyiwa upasuaji wa aina nyingine. Waliotolewa utumbo mpana wote walikuwa na hatari ya kuandikiwa kisukari cha aina ya pili iliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 40. Waliokatwa upande wa kushoto pekee walikuwa karibu hapo hapo. Waliokatwa upande wa kulia hawakuonyesha tofauti ya kutegemewa, na waliotolewa puru peke yake vilevile.

Asilimia 40 inatisha mtu akiisikia hivyo bila maelezo. Tuseme kati ya watu 100 wa umri fulani 10 wangepata kisukari kwa vyovyote. Kwa hatari hiyo iliyozidi, wangekuwa 14. Wanne zaidi si kitu cha kupuuza, lakini wale 86 hawapati. Na watafiti wenyewe walisema kuna mambo kadhaa yanayoweza kuchangia ambayo hawakuweza kuyaondoa kwenye hesabu. Msomaji mwingine anayengoja upasuaji asikimbie meza ya upasuaji kwa sababu ya namba hii. Saratani ya utumbo ikiachwa huua, ilhali kisukari hupimwa na kutibiwa. Anachopaswa kufanya ni kupima sukari kabla ya upasuaji na kila mwaka baada yake.

Kwa mama yako, aliyekuwa na kisukari tayari, nasema hivi kwa moyo mweupe: homoni zilizopotea zinaweza kuwa zimechangia kidogo, lakini siamini kwamba ndizo zinazoirusha sukari kutoka 3.1 hadi 16. Naona mambo matatu mengine, na yote matatu yanarekebishika.

La kwanza ni maji na chumvi. Mtu mwenye tundu la utumbo mwembamba hupoteza kwa kawaida nusu lita hadi lita moja kwa siku kupitia mfuko. Ikizidi lita moja na nusu, mwili unaishiwa. Joto la uwanda wa Kano likiongezeka hapo, figo ndizo zinazoumia kwanza. Figo zikipungua nguvu, glibenklamidi hujikusanya mwilini na kushusha sukari bila taarifa. Metfomini nayo hujikusanya, na ikizidi sana inaweza kuifanya damu iwe na asidi ya hatari. Dawa nyingi za presha, hasa zile za kukojoza na zile za jamii ya enalaprili na losatani, humuumiza zaidi aliyekauka. Wakati huo huo ukavu wenyewe hufanya sukari ya damu ionekane juu. Unaona jinsi jambo moja linavyoweza kuleta 16 na 3.1 katika nyumba moja?

Chukua jagi lenye alama, na kwa siku mbili mpime kila kinachotoka mfukoni. Hicho ni kipimo rahisi, na daktari atakithamini kuliko vipimo vingi vya gharama.

Hapa naomba nikanushe ushauri ambao bila shaka mmepewa: "mwambie anywe maji mengi." Maji matupu na chai ya rangi vikizidi huivuta chumvi ya mwili kuingia kwenye utumbo mwembamba, na mfuko hujaa zaidi. Anachohitaji akipoteza sana ni ORS, ile ya pakiti, ichanganywe kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, na anywe kwa mafunda madogo siku nzima. Familia nyingi huniuliza: lakini hiyo si ina sukari? Ina. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, lita moja ina gramu 13.5 za glukosi. Soda moja ya mililita 300 ina zaidi ya mara mbili ya hiyo. Na glukosi ile haikuwekwa kwa utamu. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba chumvi na glukosi huingia kwa mlango mmoja, zikishikana, na maji huzifuata. Ukiondoa glukosi, chumvi hubaki nje. Mwenye kisukari aliyekauka asiogope ORS.

Jambo la pili ni kile kidonge ulichokiona. Metfomini ya mara moja kwa siku imetengenezwa iyeyuke polepole kwa saa nyingi ikiwa safarini ndani ya utumbo. Safari ya mama yako imefupishwa. Sasa, si kila kidonge kinachoonekana kwenye mfuko ni dawa iliyopotea. Aina fulani huacha ganda laini lililokwisha kutoa dawa yote. Lakini kwa mtu mwenye tundu, na sukari isiyotulia, sina haja ya kubahatisha. Ningemwomba daktari wake ambadilishie metfomini ya kawaida, inayomezwa mara mbili au tatu kwa siku pamoja na chakula, ikiwa figo zake ziko sawa. Msivunje wala kusaga ile ya polepole mkidhani mnaisaidia. Mtamwaga dozi ya siku nzima kwa mara moja. Na mwangalie vidonge vyake vyote, si cha sukari peke yake. Kidonge chochote kilichofunikwa ili kiyeyukie chini au polepole kinaweza kumpita.

La tatu ni uji. Chakula cha maji maji hutoka tumboni haraka kuliko kigumu, na uji wa unga mwembamba wenye sukari ni glukosi iliyo karibu kuwa tayari. Sukari inapanda mbio hadi 16, kisha glibenklamidi ya asubuhi, isiyojali kama kuna chakula au hakuna, inaendelea kuisukuma chini hadi jioni. Mama akila mchana kidogo kwa kuogopa mfuko kujaa, jioni anashuka. Wagonjwa wengi wenye mfuko hufanya hivyo, hasa wakiwa na safari au wakienda kanisani. Hujinyima. Muulize kwa upole kama ndivyo ilivyokuwa siku ile ya 3.1.

Simwondolei uji. Awe anaunywa mzito zaidi, bila sukari, kikombe kimoja, baada ya kula yai au kipande cha samaki. Milo mitano au sita midogo inamfaa kuliko mitatu mikubwa. Protini itangulie sahanini: samaki, mayai, kuku, omena iliyopikwa ikalainika. Wali mweupe, na najua mnakaa kwenye mashamba yake hapo Ahero, uwe kiasi cha ngumi moja, na ugali vivyo hivyo. Vinywaji avitenge na chakula kwa nusu saa hivi.

Kuhusu nyuzinyuzi, kuna kosa ambalo hata sisi wataalamu tunalichochea. Tumewahubiria wenye kisukari wale mboga nyingi na nafaka nzima, na ni sawa kwa mwenye utumbo mpana, kwa sababu ya zile bakteria nilizozitaja. Mama yako hana tena mahali pa uchachushaji huo, zaidi ya kiasi kidogo kinachoweza kuanza mwishoni mwa utumbo mwembamba baadaye. Kumlisha nyoyo (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja), mahindi ya kuchoma, karanga na maganda ya matunda kwa kutafuta homoni hakutamsaidia, na kunaweza kuziba tundu lake. Nyuzinyuzi laini ndizo zinazomfaa: viazi vitamu vilivyomenywa, ndizi za kupika, karoti, malenge, shayiri. Hizi hunenepesha kinachotoka mfukoni na huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Sukuma wiki na managu avile, lakini vikatwe vidogo na viive sana, na atafune taratibu.

Na tafadhali, dawa za kusafisha tumbo zisiingie katika nyumba hiyo, iwe mshubiri, iwe chupa za kuuzwa stendi. Mshubiri huharisha. Kwa mama yako, kuharisha siku mbili kunatosha kumlaza hospitalini.

Turudi kwenye dawa. Kama ningekuwa nimekaa na mama yako kliniki, na figo zake zikiwa nzima, ningeondoa glibenklamidi. Ikibidi dawa ya jamii hiyo ibaki, gliklazidi kwa kiasi kidogo ina madhara machache ya kushusha sukari kupita kiasi. Dawa za jamii ya sitagliptini zinamfaa kwa hoja tuliyoieleza: GLP-1 ikitoka kwenye utumbo haidumu ila dakika moja au mbili, kwa sababu kuna kimeng'enya kinachoikata, na dawa hizi humzuia mkataji huyo. GLP-1 kidogo aliyobaki nayo hudumu zaidi, na peke yake dawa hiyo mara chache sana humshusha mtu.

Huenda mtaambiwa kuhusu sindano za GLP-1 yenyewe, kama semaglutaidi na liraglutaidi. Ni dawa nzuri, na kwa kuwa haziutegemei utumbo mpana zingefanya kazi. Lakini hupunguza hamu ya kula, huleta kichefuchefu na kupunguza uzito, na mama yako ametoka kwenye upasuaji mkubwa miezi 3 tu iliyopita. Anahitaji kujenga mwili. Bei yake pia ni mzigo mkubwa kwa familia nyingi. Nisingeanza nayo sasa. Zile dawa zinazotoa sukari kupitia mkojo, za jamii ya dapagliflozini na empagliflozini, ningezikataa kabisa akiwa na mfuko huu, kwa sababu hutoa na maji, na kwa mtu aliyekauka au asiyekula zinaweza kuifanya damu kuwa na asidi hata sukari ikionekana si mbaya. Sukari isipotulia, insulini kwa kipimo kidogo ni njia salama inayorekebishika siku kwa siku. Watu huichukulia kama hukumu ya mwisho. Kwake inaweza kuwa ya miezi michache tu, hadi mwili utulie. Uamuzi ni wa daktari anayemwona na kuona vipimo vya figo.

Kuna kipimo kimoja ambacho nakuomba usikiamini haraka: kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3. Kinategemea uhai wa chembe nyekundu za damu. Kama mama aliongezewa damu wakati wa upasuaji, au alipoteza damu nyingi, au ameugua malaria hivi karibuni, kinaweza kusoma chini kuliko hali ilivyo. Upungufu wa madini ya chuma huweza kukipandisha bila sukari kupanda. Na huku kwetu kando ya ziwa wapo wengi wenye nusu ya selimundu, yaani walioirithi kwa mzazi mmoja tu, bila kujua, nayo huvuruga baadhi ya mashine za kipimo hicho. Kwa miezi hii tegemeeni zaidi mashine ya kidoleni: kabla ya kula asubuhi, saa mbili baada ya mlo mmoja unaobadilisha kila siku, na kabla ya kulala. Vijiti vikiwa ghali, mwombe mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu, wengi wamepewa mashine hizo.

Jambo la pembeni, lakini si dogo: akilalamika miguu kufa ganzi, isidhaniwe tu ni kisukari. Vitamini B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, na metfomini ikitumiwa miaka mingi huipunguza. Kama alikatwa sehemu ile, upungufu huja mara mbili. Hupimwa, na hutibiwa kwa sindano.

Na kuna swali ambalo hukuniuliza. Utumbo uliojaa vinyama vingi mara nyingi ni jambo la kurithi. Wewe na ndugu zako mnapaswa kuongea na daktari kuhusu kuchunguzwa utumbo kwa kamera, hata kama hamuumwi popote. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu na ile ya Moi, Eldoret, ni mahali pa kuulizia. Vinyama vikionekana mapema huondolewa kabla havijageuka. Msiahirishe hili kwa sababu mko katika kumshughulikia mama.

Msingoje siku ya kliniki, nendeni hospitali iliyo karibu nanyi hata kama ni usiku, mkiona lolote kati ya haya: sukari chini ya 4 isiyopanda baada ya kutibiwa mara mbili, au iliyorudi kushuka, sukari inayobaki juu ya 15 huku anatapika, anapumua haraka au ana usingizi usio wa kawaida, mfuko unaotoa zaidi ya lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kizunguzungu akisimama, mkojo mchache wenye rangi ya chai, mfuko uliokauka kwa saa sita hivi huku tumbo likimsokota na kutapika, kwa maana hiyo ni dalili ya kuziba, au tundu lenyewe kubadilika rangi likawa jeusi au la zambarau. Mkifika, semeni kwanza kwamba hana utumbo mpana na anatumia glibenklamidi. Hilo litabadilisha jinsi atakavyohudumiwa dakika za kwanza.

Kama hakuna kati ya hayo, nendeni kliniki ya kisukari wiki hii, msisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Bebeni dawa zote zikiwa kwenye pakiti zake, daftari la sukari, vipimo vya jagi vya siku mbili, na nakala ya karatasi ya upasuaji. Ombeni apimwe figo, sodiamu, potasiamu na magnesiamu siku hiyo hiyo. Muulizeni pia daktari wa upasuaji kama puru iliachwa na kama kuna mpango wa kuunganisha utumbo baadaye. Ukiunganishwa, maji na chumvi vinavyopotea hupungua, na dawa za sukari itabidi zipimwe upya.